Steringi Akifa, Mtazamaji Anadai Nini?

Mwaka 2025 haukuwahurumia mashabiki wa tamthilia za giza. Tarehe 20 Aprili, katika epizodi ya pili ya msimu wa pili wa The Last of Us, Joel Miller aliuawa kwa fimbo ya gofu huku Ellie, binti aliyemlea kama wake, akiwa amebanwa sakafuni anatazama. Miezi miwili baadaye, tarehe 27 Juni, Netflix ikatoa msimu wa tatu na wa mwisho wa Squid Game, tamthilia ya Kikorea ya watu wanaocheza michezo ya kifo kwa ajili ya pesa, na Seong Gi-hun, mchezaji namba 456, akajiachia kutoka juu ya nguzo ndefu ili mtoto mchanga abaki hai. Msimu huo wa Squid Game ulitazamwa zaidi ya mara milioni 60 katika siku tatu za kwanza. Kelele zilizofuata hazikuishia Seoul wala Los Angeles. Ziliingia kwenye teksi za Kampala, kwenye saluni za Arua, kwenye stendi za boda za Busia, na malalamiko yalikuwa yaleyale: wametuulia mtu wetu.

Tangu hapo nimesikia tafsiri mbili za kelele hizo. Ya kwanza ni ya wachambuzi wa burudani: kwamba watazamaji wamechoka na giza na wanataka warudishiwe hadithi za kufurahisha. Ya pili ni ya wazazi, walimu na wahubiri, nayo inasema hasira hiyo ni ushahidi kwamba tamthilia hizi zinaharibu watu, maana mtu mzima mwenye akili timamu hawezi kukosa usingizi kwa ajili ya mtu wa kwenye skrini. Naona zote mbili zimebisha mlango usio wenyewe. Shabiki anayefoka steringi anapouawa, mara nyingi, hana ugomvi na mauaji. Anadai hesabu. Anataka kujua kifo hiki kimetokana na nini, nani alikisababisha, na nani atakilipia. Akipewa hesabu iliyonyooka atameza hata kifo kichungu kabisa, na miaka kumi baadaye atakitetea mbele ya wenzake. Akinyimwa, atakuwa na hasira ya mtu aliyedhulumiwa, na hasira ya aina hiyo haitulizwi kwa kupunguziwa damu.

Madai haya yana historia, na kwetu Uganda historia hiyo inaanzia kibandani. Wengi wetu tulijifunza kutazama filamu kwenye vibanda vya video: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, jenereta inayonguruma nyuma ya nyumba, na VJ mwenye kipaza sauti anayetafsiri kila kitu kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji. Kazi ya VJ ilipita ukalimani. VJ Jingo na wenzake walimpa jambazi jina la mtaani, wakamtoa Chicago wakamhamishia mtaa wa Bwaise, Kampala, wakamtania kwa suti yake, wakamwonya steringi kwamba nyuma ya mlango kuna mtu. Wakenya wana DJ Afro anayefanya mambo hayo kwa Kiswahili. Watanzania walikuwa na Lufufu. Na sheria ya kibanda ilikuwa moja tu: steringi hafi. Atapigwa risasi begani, atafiwa na mke, rafiki yake mweusi atakufa mapema (hilo tulishalizoea), ila yeye mwenyewe atafika mwisho akichechemea. Mtazamaji alilipa kiingilio chake akijua hivyo, na VJ alikuwepo kumhakikishia kila pale mambo yalipoelekea kuharibika.

Tamthilia zilizovunja sheria hiyo zilitufikia kwa kuchelewa. The Sopranos ilianza Marekani mwaka 1999, The Wire 2002, Breaking Bad 2008, na hapa wengi wetu tulizipata kwenye diski na flashi za laibrari (maduka ya kunakili filamu), zikiwa zimepangwa msimu kwa msimu, wakati wenyewe Marekani walishamaliza kubishana. Iliyotuvuruga hasa ni Game of Thrones. Mwaka 2011, katika epizodi ya tisa ya msimu wa kwanza, Ned Stark alikatwa kichwa, na hakuna VJ ambaye angeweza kumwokoa. Nawafahamu watu walioirudisha nyuma epizodi hiyo wakiamini wameruka mahali. Miaka miwili baadaye ikaja ile harusi ambayo Robb Stark, mwana wa Ned, mke wake mjamzito na mama yake walichinjwa mezani. Watu walilia, wakatukana, wakaapa hawataitazama tena. Wiki iliyofuata walirudi, na wakarudi na wenzao. Kwa nini? Kwa sababu hesabu ilifunga. Ned alimwonya malkia Cersei mapema kuhusu siri aliyoigundua, akiwahurumia watoto wake, na huruma hiyo ndiyo iliyompa adui muda wa kujipanga. Robb alimwahidi Walder Frey kwamba ataoa mmoja wa binti zake, akaoa mwingine aliyempenda. Dawa ya deni ni kulipa, na mzee Frey alikusanya deni lake kwa riba ya kishetani. Ukiitazama mara ya pili unaona kila ngazi iliyotufikisha pale.

Tamthilia hiyohiyo ndiyo inayotoa ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 2019, katika msimu wa mwisho wenye epizodi sita, Daenerys aliteketeza jiji lenye watu waliokwisha kusalimu amri. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la kutaka msimu ule uandikwe upya. Hoja yao haikuwa kwamba wamewaona watoto wengi mno wakiungua. Walisema mambo yalikwenda haraka, kwamba mwanamke aliyefungua minyororo ya watumwa kwa misimu kadhaa hawezi kugeuka mchinjaji ndani ya dakika chache za kengele kulia bila sisi kuonyeshwa njia aliyopita. Mimi binafsi naona mbegu zilikuwepo tangu mapema, ila kumwagilia kulisahaulika. Hata hivyo, lililoombwa na watu wale milioni moja ni sababu.

Kijana mmoja mwenye laibrari pale Arua, ambaye hupakia misimu kwenye flashi za wateja kwa pesa ya soda, aliniambia kwamba wateja wake huuliza kabla ya kulipa: "Huyu steringi anakufa?" Nikamuuliza huwa anawajibuje. "Nawaambia anakufa, lakini utaelewa. Au nawaambia anakufa na hutaelewa, uchukue nyingine." Sijapata kusoma uhakiki mfupi na sahihi kuliko huo. Na laibrari za namna yake bado zina wateja, licha ya kila mtu kuwa na simu, kwa sababu intaneti kwetu si rahisi. Kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii ilianza Julai 2018, na Julai 2021 nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya asilimia 12 juu ya bando. Mtu aliyelipia msimu mzima kwa mkupuo, akaubeba nyumbani na kuutazama usiku kucha, hana wiki nzima ya kutuliza moyo kati ya epizodi na epizodi. Akidanganywa, anajua saa ileile.

Tukizungumzia kudanganywa, The Walking Dead ndiyo kielelezo. Oktoba 2015, Glenn Rhee, kijana mpole aliyekuwapo tangu epizodi ya kwanza, alionekana akianguka katikati ya kundi la wafu watembeao, na kamera ikatuonyesha matumbo yakichomolewa. Kwa majuma kadhaa jina la mwigizaji wake, Steven Yeun, liliondolewa hata kwenye majina ya mwanzo ili tuamini kwamba amekufa. Mwishoni mwa Novemba tukaonyeshwa kwamba matumbo yalikuwa ya mtu mwingine na Glenn alijiviringisha chini ya pipa kubwa la taka. Aprili 2016, msimu wa sita ukaishia Negan akinyanyua rungu lake lenye waya wa miba na kumpiga mtu ambaye hatukuonyeshwa. Tukangoja hadi tarehe 23 Oktoba, zaidi ya miezi sita. Watu wapatao milioni 17 wa Marekani waliketi usiku ule kuona ni nani. Alikuwa Abraham, na kisha, baada ya sisi kupumua, Glenn. Jicho lake lilikuwa limetoka nje na bado alikuwa anajaribu kuzungumza na mke wake.

Kufikia mwisho wa msimu huo wa saba, Aprili 2017, watazamaji hao walikuwa wamebaki milioni 11 hivi. Wanaosema watu walichoka na damu huleta mfano huu kwanza, na ni kweli jicho lile lilizidi. Lakini tazama kilichofuata. Gale Anne Hurd, mmoja wa wazalishaji wakuu, alisema mapema mwaka 2017 kwamba ukatili umepunguzwa katika epizodi zilizokuwa bado zinapigwa picha. Watu hawakurudi. Mwaka uliofuata epizodi ya mwisho wa msimu wa nane ilitazamwa na watu wasiofika milioni 8. Kama ugonjwa ungekuwa damu, dawa ingefanya kazi. Mashabiki walishajua kwamba kwenye tamthilia hii kifo ni chambo: wanakuonyesha maiti isiyo maiti, wanakuficha maiti iliyo maiti, na vyote viwili ni kwa ajili ya kukurudisha wiki ijayo. Glenn kufa mikononi mwa Negan kulikuwa na sababu nzuri, maana wenzake ndio waliotangulia kuwaua watu wa Negan wakiwa wamelala kitandani. Sababu hiyo ilikuwepo, ikafunikwa na mchezo wa kuficha na kufichua.

Squid Game inahitaji muda zaidi, kwa sababu nadhani sisi tuliielewa kwa namna ambayo wachambuzi wa Ulaya hawakuielewa. Wao waliandika mengi kuhusu ubepari. Hapa watu walimtazama Ali Abdul. Ali ni kibarua kutoka Pakistan, mchezaji namba 199, ambaye mwajiri wake wa kiwandani alikataa kumlipa mshahara wa miezi kadhaa. Wakavutana, mkono wa tajiri ukaingia kwenye mashine, Ali akanyakua bahasha ya pesa na kukimbia. Kila mtaa wa Uganda una nyumba ambayo mtoto wake yuko kyeyo, yaani kibarua cha ughaibuni, Dubai au Riyadh, na kila nyumba ya namna hiyo inajua maana ya pasipoti kushikwa na mshahara kuchelewa. Kwa hiyo ilipofika epizodi ya gololi mwaka 2021, ambapo anayepoteza gololi zake anauawa, pale Sang-woo, msomi mwenye maneno matamu, anapomfunga Ali kifuko shingoni kwa upole kama kaka mkubwa, akiwa ameshatoa gololi na kuweka kokoto, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ali anakwenda kutafuta wachezaji wengine kama alivyoagizwa. Anafungua kifuko. Tunaona kokoto. Nimeitazama na watu ambao katika maisha yao hawajawahi kuwa na neno zuri kwa tamthilia ya Kikorea, na chumba kizima kilinyamaza. Hakuna hata mmoja aliyesema tamthilia hii imezidi ukatili. Walisema: tunamfahamu mtu kama huyo.

Msimu wa tatu ndio uliogawa watu. Upande mmoja unasema Gi-hun alirudi uwanjani kuuvunja mchezo, hakuuvunja, akafa, na katika dakika za mwisho tunaonyeshwa Los Angeles, ambako mwanamke aliyevaa suti, Cate Blanchett mwenyewe, anacheza ule mchezo wa kupigana vibao na mtu wa mtaani. Mchezo unaendelea. Basi ya nini yote hayo? Upande wa pili unajibu kwamba ndivyo dunia ilivyo. Mimi niko karibu na upande wa pili kuhusu kifo cha Gi-hun: mtu aliyeanza kama mcheza kamari anayemwibia mama yake anamaliza kwa kukataa kununua uhai wake kwa uhai wa mtoto, na kila ngazi ya mabadiliko hayo tuliiona. Ila upande wa kwanza una haki kwenye jambo moja ambalo wanalitaja vibaya. Tatizo ni yule askari, Jun-ho. Kwa misimu miwili tumemfuata majini akikitafuta kisiwa, akisalitiwa na nahodha wake mwenyewe, na anapofika hatimaye, kaka yake, mkuu wa mchezo, anaondoka zake na mtoto mkononi huku yeye akipiga kelele ya swali moja kutoka mbali. Hajibiwi. Kisiwa kinalipuka. Saa zote zile za boti zilikuwa mkopo tuliokopeshwa na mwandishi, na hakuulipa. Nikisikia mtu analalamika kwamba mwisho ni wa huzuni, nikimhoji kidogo tu, mara nyingi ananitajia boti.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni Joel. Kifo chake kina hesabu safi kuliko vyote nilivyotaja. Mwishoni mwa msimu wa kwanza, Machi 2023, Joel aliua hospitali nzima kule Salt Lake City ili kumwokoa Ellie, na mmoja wa waliouawa alikuwa daktari wa upasuaji aliyesimama na kisu kidogo mkononi. Abby, aliyemuua Joel, ni binti wa daktari huyo. Huwezi kupata chanzo na matokeo vilivyonyooka zaidi ya hapo. Hata hivyo watu waliondoka: epizodi ya kwanza ya msimu wa pili ilitazamwa Marekani na watu kama milioni 5.3 usiku wa kwanza, ya mwisho na kama milioni 3.7. Ni kweli ile ya mwisho ilionyeshwa wikiendi ya sikukuu, na hesabu ya usiku mmoja haisemi yote, lakini sitajificha nyuma ya hayo. Sehemu ya jibu ni ya kibinadamu tu: watu walimpenda Pedro Pascal aliyemwigiza Joel, akaondoka, na msiba ni msiba hata kama marehemu alijitakia. Sehemu nyingine inarudi palepale. Msimu ule ulitupa ukurasa mmoja wa daftari. Tulimfuata Ellie akilipiza kisasi mitaani Seattle, na upande wa Abby tukaambiwa tusubiri; epizodi ya mwisho inakatika kwa mlio wa bunduki na skrini nyeusi, kisha inaturudisha siku tatu nyuma tukiwa na Abby, na hapohapo majina yanapanda. Mtu aliyecheza mchezo wa video wa mwaka 2020 ambao msimu huu umetokana nao anajua upande wa pili upo. Mtu wa Arua mwenye flashi hajui. Anachojua ni kwamba ameuliwa mtu, na muuaji amepewa muda mfupi sana wa kujieleza.

Na mashabiki si malaika. Laura Bailey, aliyetoa sauti ya Abby kwenye mchezo wa video, alitumiwa vitisho vya kuuawa mwaka 2020, na Kaitlyn Dever aliyemwigiza kwenye televisheni aliongezewa ulinzi wakati wa kupiga picha. Kudai hesabu kutoka kwa mwigizaji ni upumbavu, na wakati mwingine ni upumbavu wenye hatari. Sioni kama hilo linabadilisha ninachosema kuhusu walio wengi.

Sasa kuhusu wanaosema tamthilia hizi zinatuletea ukatili kutoka nje. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote na ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Mzazi anayesema hivyo, usiku huohuo, ameketi na familia anatazama Agataliiko Nfuufu ya Bukedde TV, ambako ajali, mwizi aliyepigwa na umati na mke aliyekatwa panga hufuatana kabla ya kulala. Siilaumu, ni habari, na habari zile zimesaidia watu wengi kujua yanayotendeka jirani. Ila huwezi kumwambia mtoto aliyekua na habari hizo kwamba Wakorea ndio waliomfundisha kwamba binadamu huua. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa lililofungwa huko Kanungu, na Joseph Kibwetere, kiongozi wao, hajawahi kufikishwa mahakamani. Wala hatukukosa sheria za kudhibiti skrini: Sheria ya Habari na Waandishi ya mwaka 1995 inalipatia Baraza la Habari mamlaka ya kukagua filamu, video na michezo ya jukwaani. Yaliyotuumiza hayakupita kwenye skrini kabisa.

Kuhusu watoto, nakubali bila ubishi. Kibanda kinachopokea sarafu ya mtoto wa miaka tisa saa tatu usiku hakina utetezi, na simu ya mzazi iliyoachwa mezani ni kibanda kingine. Lakini hata hapa kipimo cha damu kinapotosha. Tamthilia iliyonitisha kuliko zote mwaka 2025 ni Adolescence ya Uingereza, iliyotoka Machi 13, epizodi nne, kila moja ikiwa imepigwa kwa mkupuo mmoja bila kukata kamera. Jamie, mvulana wa miaka 13, anashukiwa kumuua msichana wa shuleni kwao. Damu karibu haipo. Epizodi ya tatu ni chumba, meza, kikombe cha chokoleti ya moto, nusu ya sandwichi, na mwanasaikolojia anayezungumza na mvulana ambaye dakika moja anachekesha na dakika inayofuata anasimama juu yake akimfokea. Mwanamama yule anabaki peke yake mwishoni, na mikono yake haitulii. Mkaguzi anayehesabu risasi angeipitisha kwa watoto wa shule ya msingi. Uingereza walifanya jambo la akili: wakairuhusu ioneshwe bure katika shule za sekondari, na waziri mkuu akaunga mkono. Waliitazama pamoja na mwalimu, mtu wa kuuliza maswali. VJ, kwa maneno mengine.

Kuna dai jingine ninalolisikia, la kistaarabu zaidi, kwamba mtazamaji wetu hajazoea mhusika aliye mwema na mwovu kwa pamoja, kwamba yeye anataka steringi na jambazi tu. Nitajibu kwa Dominic Ongwen, na naomba nisieleweke kwamba nalinganisha mateso ya watu na burudani. Ongwen alitekwa na waasi wa LRA wa kaskazini mwa Uganda akiwa mtoto, njiani kwenda shule, akakua hadi kuwa kamanda aliyeongoza mashambulizi kwenye kambi za wakimbizi za Pajule, Odek, Lukodi na Abok. Kesi yake ilipofunguliwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, The Hague, Desemba 2016, watu wa kaskazini waliifuata kwenye skrini zilizowekwa kwa ajili yao. Februari 2021 alikutwa na hatia kwa mashtaka 61 kati ya 70. Mei akahukumiwa miaka 25, na majaji wakasema wazi kwamba kutekwa kwake utotoni kulizingatiwa. Pale Acholi palikuwa na mama aliyepoteza watoto Lukodi na aliyetaka afungwe maisha, na palikuwa na mama ambaye mtoto wake alitekwa vilevile na akamwona Ongwen kama mwanawe. Wengine walikuwa mama hao wawili ndani ya mtu mmoja. Na hesabu bado haijafungwa: Februari 2024 mahakama iliagiza fidia ya zaidi ya euro milioni 52, ikiwemo euro 750 kwa kila mwathirika, na Ongwen hana senti. Watu walioishi na swali hilo kwa miaka hawahitaji kufundishwa na mtu yeyote kwamba muuaji naye ana baba na mama.

Ndiyo maana nadhani wanaopaswa kusikiliza hasira hizi ni waandishi wetu wa hapa. Tamthilia za Uganda zimepanda sana tangu MultiChoice ilete chaneli ya Pearl Magic. Picha ni nzuri, waigizaji wanajua kazi. Lakini bado tunaogopa kufunga hesabu. Mwovu anatesa kwa epizodi sitini, kisha anaokoka kanisani, analia, na mama mkwe anamkumbatia. Au anakufa kwa ajali ya gari, barabara ya Masaka ikifanya kazi ambayo mwandishi alishindwa. Wakiambiwa soko linataka giza, wanaongeza bunduki. Soko halijaomba bunduki. Andika hadithi ya binti wa Kayunga aliyekwenda kyeyo akarudi ndani ya sanduku, na utakuwa na giza la kutosha bila tone la damu: mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, aliyetia saini barua ya utambulisho akijua umri si wenyewe, mjomba aliyeuza ng'ombe ili alipie nauli, mchungaji aliyeiombea pasipoti, na ajenti aliyehama ofisi mara mbili kwa mwaka. Muue steringi katika epizodi ya pili kati ya sita kama hadithi inadai hivyo. Halafu tumia nne zilizobaki kwenda mlango kwa mlango kwa watu hao, mmoja baada ya mwingine. Gharama yake kubwa itakuwa kukodi meza ya ofisi.